Huko Kuna Watu wa Kwetu? Sumbawanga, Ufipa na Namna ya Kuchagua Pa Kuishi

Barua ya ajira ikifika na jina la Sumbawanga ndani yake, simu za pole hutangulia za pongezi. Shangazi anauliza kama hakuna mtu wizarani wa kukubadilishia kituo. Rafiki mliyesoma naye chuo anatania kuhusu radi za wachawi. Mjomba aliyewahi kwenda kupakia mahindi huko anakukumbusha baridi ya Juni na Julai na kukuambia ubebe masweta. Mwisho linatoka swali ambalo wote walikuwa wakilizunguka: "Huko kuna watu wa kwetu?"

Ni swali la haki, na wanaoliuliza si Watanzania peke yao. Mmarekani mweusi anayepewa kazi katika mji wa watu 40,000 huko Maine au Iowa huuliza hilohilo, ila yeye huanza na rangi ya ngozi. Mwanangu atakuwa mweusi pekee darasani? Kinyozi anayejua nywele zetu yupo? Polisi wakinisimamisha usiku itakuwaje? Mwalimu kutoka Moshi au muuguzi kutoka Musoma anayepanda basi la Sumbawanga hana hofu ya rangi, lakini hofu yake ina mzizi uleule: nikiugua, nikidhulumiwa au nikifiwa, nitahesabiwa mkazi au mpita njia?

Uchambuzi huu unalitazama swali hilo kutoka uwanda wa Ufipa. Hoja yake ni kwamba wingi wa "watu wa kwetu" ni kipimo kibovu cha mahali pa kuishi. Cha kupima ni taratibu za mahali: nani anagawa ardhi na kwa kanuni gani, nani anamzika mgeni, watoto wanasoma pamoja au mbalimbali, na mtu wa kuja anachukua muda gani kupata sauti. Taratibu hizo zikiwa wazi, makabila kumi yanakaa mtaa mmoja bila makelele. Zikiyumba, hata mawili yanatosha kugombana.

Kuulizana mdomoni, kutoandikana kwenye karatasi

Marekani imehesabu watu wake kwa rangi tangu sensa yake ya kwanza, mwaka 1790. Anayetaka kuhamia mji mdogo huko anaweza kukaa mbele ya kompyuta akajua asilimia ya weupe, weusi, Walatino na Waasia, eneo kwa eneo. Lakini akishafika, kumuuliza jirani mpya uso kwa uso kwamba asili yake ni wapi huonekana utovu wa adabu, na mara nyingine tusi.

Kwetu mambo yamegeuzwa. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Zilizofuata zote, hadi ya 2022, zimeliacha swali hilo. Ndani ya basi, hata hivyo, hamjafika Laela na abiria wa kiti cha jirani amekwishauliza: "Samahani ndugu, wewe kabila gani?" Ukijibu Mpare, utasikia habari za ubahili. Ukijibu Mhaya, utasikia habari za majivuno. Akikwambia yeye ni Mfipa, nawe utamwomba asikutumie radi. Mtacheka, na kituo kinachofuata mmoja atamnunulia mwenziwe mahindi ya kuchoma. Utani wa namna hii ni ruhusa ya kuitaja tofauti hadharani ili isigeuke kinyongo, na Watanzania wameutumia safarini, kazini na misibani kwa vizazi vingi.

Kwa anayetaka kuchagua pa kuishi, tofauti hii ina matokeo. Takwimu zetu zinamwambia kwamba mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,004,539 mwaka 2012 na 1,540,519 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 50 kwa miaka 10, wakati nchi nzima iliongezeka kwa takriban asilimia 37. Manispaa ya Sumbawanga yenyewe ilitoka watu 209,793 ikavuka 300,000. Uzazi ni sehemu ya sababu na uhamiaji ni sehemu nyingine. Lakini hakuna jedwali litakalomwambia ni wangapi kati yao ni Wafipa, Wanyakyusa, Wasukuma au Wachaga. Akitaka kujua, itabidi aende akaone watu wanavyokaa.

Nchi inayojisimulia kwa habari za wageni

Ufipa ni uwanda wa juu wenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800, uliokaa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Wenyeji wengi ni Wafipa. Kusini, kuelekea Zambia, wako Wamambwe na Walungu, ambao mpaka wa kikoloni uliwaacha nusu huku na nusu kule. Bondeni wako Wawanda na jamii nyingine ndogo.

Masimulizi ya Wafipa wenyewe yanaeleza kwamba mtawala wa kwanza alikuwa Ntatakwa, aliyeshuka kutoka mbinguni na kukaa Milansi. Baadaye walikuja wanawake watatu wageni wa ukoo wa Watwa kutoka kaskazini, wakamkuta mtawala wa Milansi hayupo, yuko mawindoni, wakautwaa ufalme. Kizazi chao ndicho kilichotawala milki mbili za Ufipa, Nkansi na Lyangalile. Milansi haikufutwa: ilibaki na heshima ya ukongwe na kazi ya matambiko. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyachambua masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1981, *A State in the Making*. Alieleza pia kwamba vijiji vya Wafipa havikuwa vya ukoo mmoja. Watu wasio na undugu walikaa kijiji kimoja, na aliyechoka na kijiji chake aliweza kuhamia kingine.

Tusiitie asali historia. Wangoni wa Zwangendaba walipita hapa wakipigana katika miaka ya 1840, na Zwangendaba mwenyewe akafia Ufipa. Misafara ya pembe na watumwa ilivuka uwanda huu. Wajerumani walijenga ngome Kasanga, wakaiita Bismarckburg. Hata hivyo jamii inayokubali katika simulizi lake la msingi kwamba watawala walikuja na wenyeji wakabaki na heshima yao, ina pa kumweka mgeni. Ni tofauti na jamii inayodai kwamba ardhi na utawala vimekuwa vya damu moja tangu enzi.

Nyumba ya vyumba sita

Mgeni wa leo hafiki kwa mtemi. Anafika kwa dalali. Atamzungusha Chanji, Majengo, Katandala au Izia mpaka wapate chumba cha kupanga: nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, bomba na choo uani. Katika nyumba kama hiyo huwezi kuchagua majirani. Fundi pikipiki Mnyiha kutoka Mbozi yuko mlango wa pili, mama anayeuza dagaa wa Kirando mlango wa tatu, na mwalimu mpya kutoka Tarime ndiyo kwanza anashusha godoro. Zamu ya kufagia uwanja inazunguka kwa milango. Ugomvi upo, na mara nyingi unahusu LUKU: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani hachangii umeme mwisho wa mwezi. Kabila hutajwa katika ugomvi huo kama kitoweo cha matusi, mara chache kama chanzo.

Sokoni mchanganyiko unaonekana kwenye mizani. Mchele umepanda kutoka bondeni, migebuka na dagaa wametoka Ziwa Tanganyika, mahindi na maharage ni ya uwandani. Maduka ya jumla na ya vifaa vya ujenzi yana wenyewe kutoka Njombe, Mbeya na Kilimanjaro. Rukwa imehesabiwa kwa miongo kadhaa sasa miongoni mwa mikoa mikuu ya mahindi nchini, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, lakini biashara ilibanwa na barabara. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, katika mkataba wa dola milioni 698 uliotiwa saini mwaka 2008. Lami ilipofika, mfanyabiashara wa Makambako hakuhitaji tena kusubiri masika yaishe.

Kanisa nalo limekuwa lango. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walianza kazi Karema mwaka 1885, na Ufipa ukawa mmoja wa maeneo ya Tanzania yenye Wakatoliki wengi. Jimbo la Sumbawanga liliongozwa na Askofu Damian Kyaruzi tangu 1997 na Askofu Beatus Urassa tangu 2018, majina ambayo Mtanzania yeyote akiyasikia anajua hayakutoka Ufipa. Mgeni Mkatoliki anajiunga na jumuiya ndogondogo ya mtaani kwake, na Jumamosi moja zamu ya kusali nyumbani kwake inafika. Mlutheri, Mmoravian na Mwislamu nao wana milango yao.

Katika siasa, jimbo la Sumbawanga Mjini lilimchagua mfanyabiashara Aeshi Hilaly kuwa mbunge mwaka 2010, 2015 na 2020. Jina lake pia si la Kifipa.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni msiba. Mpangaji akifa, mwenyekiti wa mtaa au balozi anapitisha daftari: jina, kiasi, sahihi. Safu ya kabila haimo. Wanaume wanakesha nje, wanawake wanapika kwa masufuria yaliyoazimwa, na swali linalojadiliwa usiku ni kama mwili usafirishwe kwao au uzikwe hapa. Hapo ndipo mtu anajulikana amefika wapi. Wengi wa kizazi cha kwanza husafirishwa. Watoto wao huzikwa Sumbawanga.

Kwa nini mitaa haikutengana?

Mchumi Thomas Schelling alionyesha mwaka 1971 kwamba mji unaweza kugawanyika kabisa hata kama hakuna anayemchukia mwenzake. Inatosha kila mtu atake angalau theluthi ya majirani zake wafanane naye. Mmoja anahama, anawaacha wenzake wakiwa wachache zaidi, nao wanahama, na baada ya muda mitaa imetengana bila aliyepanga.

Nchini Marekani kulikuwa na waliopanga. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuyapaka rangi nyekundu maeneo yaliyoonekana hatari kwa mikopo, na maeneo ya weusi yaliangukia humo. Miji mingi midogo ilijulikana kuwa mtu mweusi hapaswi kukutwa humo jua likizama. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika makazi ilikuja mwaka 1968, lakini wazazi waliokwishanyimwa nyumba hawakuwa na nyumba za kurithisha. Ndiyo maana swali la Mmarekani mweusi kuhusu mji mdogo halitokani na woga wa bure.

Sisi nasi tulipangiwa. Wajerumani na Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda za ujenzi ambazo kwa vitendo zilikuwa za rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mfano huo ukaigwa katika miji mingine. Baada ya uhuru mgawanyo huo ulivunjwa kwa njia nyingi, nyingine za haki na nyingine zenye maumivu. Sheria ya 1971 ya kutaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliwagonga hasa Waasia, na familia nyingi za wafanyabiashara ziliondoka kwenda Canada na Uingereza. Miji ya mikoani ilipoteza maduka na mafundi. Mchanganyiko tulio nao leo haukuja wenyewe, na baadhi ya gharama zake zililipwa na watu wachache.

Ushahidi bora wa kwamba sera ina uzito ni utafiti wa mchumi Edward Miguel uliochapishwa mwaka 2004. Alilinganisha Busia ya magharibi mwa Kenya na Meatu ya Tanzania, maeneo mawili ya vijijini yenye makabila mchanganyiko. Huko Busia, mahali penye makabila mengi michango ya shule ilipungua. Meatu hapakuonekana pengo hilo. Maelezo yake yalikuwa Kiswahili shuleni na ofisini, mtaala wa taifa moja, kuondolewa kwa utawala wa machifu mara baada ya uhuru, na serikali za vijiji zinazowakutanisha watu wote. Mwanasayansi ya siasa Robert Putnam, aliyeandika mwaka 2007 kuhusu Marekani, alikuta kwamba katika mitaa yenye mchanganyiko mkubwa watu hujifungia na kuaminiana kidogo, angalau kwa muda mfupi. Tafiti hizi mbili hazigombani. Zinasema tofauti ina bei, na bei hiyo inapanda au kushuka kulingana na taasisi zinazowakutanisha watu.

Bondeni hadithi inabadilika

Ukishuka ukingo wa uwanda kwenda Muze, Mtowisa au Ilemba, joto linapanda na mazungumzo yanabadilika. Tangu miaka ya 1970 na 1980 Wasukuma wamekuwa wakihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, wakifuata malisho na mbuga nyeusi za mpunga baada ya ardhi ya kwao kuwa finyu. Walileta plau, walifungua mashamba makubwa, na mchele unaoliwa Sumbawanga mjini unawahusu sana. Lakini kaya nyingi zilikaa mbali na vijiji vya wenyeji, kila boma na uwanja wake.

Huko swali la "hawa si wa kwetu" linasikika kwa sauti ambayo huisikii Majengo. Ng'ombe akiingia shambani, hesabu ya hasara inapigwa kwa kabila. Kiongozi wa kijiji akigawa ekari kwa wageni bila mkutano mkuu, wenyeji wanaamka siku moja wakiona pori la kijiji limekwisha. Mgeni aliyelipa kwa nia njema anajikuta na karatasi isiyo na nguvu, na pande zote mbili zinadai zimedhulumiwa. Kiini cha migogoro hii ni utaratibu. Kabila ni jina linalopewa baadaye.

Sheria haikukosekana. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote ndani ya Jamhuri ya Muungano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaeleza jinsi mtu asiye mkazi anavyoweza kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji. Haki ya kuhama ni ya taifa, lakini haki ya kulima inapita kijijini. Katikati ya ngazi hizo mbili ndipo rushwa, haraka na ujanja vinapopata nafasi. Mjini tatizo hili ni dogo kwa sababu kiwanja kina namba, kina ramani, na kina ofisi ya kwenda kulalamika.

Walioambiwa wachague

Hakuna Watanzania waliowahi kuulizwa swali la pa kuishi kwa uzito kama watu wa Katumba na Mishamo. Wakimbizi Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, kisha Mishamo mwaka 1978, wakati huo yote yakiwa ndani ya mkoa wa Rukwa. Leo yako Katavi, mkoa uliomegwa mwaka 2012. Walifyeka msitu, wakalima tumbaku na mahindi, wakazaa watoto wasiojua Burundi.

Mwaka 2007 wakimbizi hao na wenzao wa Ulyankulu, Tabora, jumla yao wapatao 218,000, walitakiwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban wanne katika kila watano walichagua kubaki, na watu wapatao 162,000 walikubaliwa. Lakini kulikuwa na sharti. Makazi yangefungwa na raia hao wapya wangetawanywa katika mikoa mingine, ili wasibaki fungu moja la watu wa asili moja.

Kwenye karatasi, sharti hilo lilikuwa na mantiki ya umoja wa kitaifa. Kwa mama mwenye ekari zake za mahindi na kaburi la mumewe Mishamo, lilikuwa amri ya kukimbia mara ya pili. Viongozi wa mikoa iliyotakiwa kuwapokea hawakuwa na ardhi ya kuwapa. Mpango ulikwama, vyeti vikacheleweshwa kwa miaka, na watu wakaishi si wakimbizi wala raia. Oktoba 2014 serikali ilianza kutoa vyeti na kuwaruhusu wabaki walipo.

Somo lake ni zito kwa wapenda mchanganyiko, nami nikiwamo. Kuwachanganya watu kwa amri ni kuwanyima kile kile ambacho raia mwingine anacho, yaani uhuru wa kuchagua jirani na shamba. Mchanganyiko wa Sumbawanga mjini umedumu kwa sababu watu walikuja kwa ajira, biashara na ndoa, na wakakuta milango.

Kutoka Tanga hadi Lewiston

Kuna watu ambao kisa chao kinaunganisha pande zote mbili za swali hili. Wabantu wa Somalia ni kizazi cha watu waliouzwa utumwani karne ya 19 kutoka pwani yetu na kusini zaidi, na baadhi yao, karibu na mto Juba, bado wanazungumza Kizigua. Vita vya Somalia vya 1991 viliwakimbiza. Wengine walifika Tanzania, wakapewa ardhi Chogo, mkoani Tanga, jirani na Wazigua wa hapa, na kisha uraia. Wengine walikaa kambi za Kenya mpaka Marekani ilipowachukua watu wapatao 12,000 kuanzia 2003.

Baadhi yao waliishia Lewiston, Maine, mji wa watu wapatao 36,000, karibu wote weupe, uliojengwa na viwanda vya nguo vilivyokwishafungwa. Wasomali wengine walikuwa wameanza kuhamia huko mwaka 2001 kwa hiari yao, wakitoka miji mikubwa walikopangiwa kwanza. Walifuata nyumba za bei nafuu, shule zenye nafasi na mitaa tulivu. Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwaomba wazee wa Kisomali wapunguze kasi ya kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilifanya mkutano mjini humo. Walihudhuria makumi, huku maelfu wakikusanyika upande wa pili wa mji kuwaunga mkono wageni. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa watoto wa wahamiaji, ilitwaa ubingwa wa jimbo.

Ubingwa huo haukumaliza ubaguzi. Lakini angalia kilichofanya kazi: nyumba tupu zilizohitaji wapangaji, shule moja kwa watoto wote, na wageni wengi kiasi cha kufungua maduka na msikiti wao. Ni orodha inayofanana na ile ya Majengo kuliko tunavyodhani. Tofauti ni kwamba mgeni wa Lewiston anabeba rangi ambayo hawezi kuivua, na nyuma yake kuna historia ya sheria. Mchaga wa Sumbawanga akizoea baridi na akajifunza majina ya watu, baada ya miaka 10 hakuna anayemgundua barabarani.

Bei ya mchanganyiko wetu

Tusijisifu kupita kiasi. Gharama ya kwanza ni lugha. Mtoto wa baba Mfipa na mama Mnyakyusa, aliyezaliwa Chanji, anajua Kiswahili. Kifipa anakisikia likizo kwa bibi, Kinyakyusa hakijui kabisa. Amani imelipiwa kwa maneno yanayopotea, na hakuna shule inayoyaokota.

Ya pili ni utengano mpya wa kipato. Viwanja vilivyopimwa pembezoni mwa mji vinanunuliwa na wenye mishahara na maduka, vinazungushiwa ukuta na geti, na watoto wanapanda basi la shule ya kulipia. Schelling hakusema majirani wafanane kwa kabila tu. Kufanana kwa mfuko kunatosha.

Ya tatu ni sifa ya uchawi. Willis aliandika kuhusu Kamcape, wimbi la kusaka wachawi lililopita Ufipa miaka ya 1960, hivyo hofu hiyo ina historia. Lakini anayeibeba leo zaidi ni mwenyeji, anayetaniwa kila anapokwenda. Walimu wanakwepa kituo, na mtoto wa kijijini ndiye anayekosa somo la fizikia.

Ya nne ndiyo chungu kuliko zote. Kuna Watanzania ambao rangi yao ya ngozi kweli inaamua waishi wapi: watu wenye ualbino. Mwanzoni mwa 2013 Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoripotiwa mashambulizi dhidi yao, watoto wakiwamo. Tunapowaambia Wamarekani kwamba sisi hatuna shida ya rangi, tuwakumbuke hao kwanza. Mji au kijiji ambacho mtoto mwenye ualbino hawezi kwenda shule peke yake hakijafaulu mtihani huu, hata kama kina makabila 20 yanayocheka pamoja.

Cha kuuliza kabla ya kupakia mizigo

Basi anayepata barua ya Sumbawanga, Mpanda, Namanyere au Lewiston aache kuuliza kwanza kama kuna watu wa kwao. Aulize maswali matano. Je, ardhi na nyumba hapa zinapatikana kwa utaratibu unaoandikwa, au kwa kujuana? Je, mtoto wa mgeni na wa mwenyeji wanakaa dawati moja? Mgeni wa mwisho aliyefariki, nani alichimba kaburi? Kuna kiongozi yeyote wa mtaa, soko au dhehebu ambaye hakuzaliwa hapa? Na mtu mnyonge kuliko wote, awe mjane, mlemavu au mwenye ualbino, analala kwa amani?

Kwa vipimo hivyo, Sumbawanga mjini inafaulu vizuri kuliko sifa yake, bonde la Rukwa linahitaji mikutano mikuu ya vijiji inayofanyika kweli na mipaka iliyopimwa, na sote tunadaiwa usalama wa watu wenye ualbino. Halmashauri zianze na ardhi ya bondeni, kwa sababu huko ndiko watu wengi zaidi watakakohamia. Na wewe uliyepangiwa, nenda ukaripoti. Chumba kipo, jumuiya ipo, na darasa linakusubiri.